Kijiko cha Kuchomea Dhahabu

Mama yangu alipewa kijiko kwa sababu hakuwa mwizi. Naanza hapo makusudi, kwa kuwa watu wa mji wetu wa Baraka wakimwona amekaa barazani kwangu, anashindwa kufikisha kikombe cha chai mdomoni, huniuliza kwa sauti ya chini kama ni pombe au amelogwa. Nimechoka kuwajibu. Mama hajaonja hata kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo hapa kwetu watu hunywa msibani bila kuona haya. Na uchawi sio. Kuna siku natamani ungekuwa uchawi, maana ningekuwa na jirani wa kumchukia.

Sisi ni watu wa Lubondja. Mama alilima muhogo na karanga huko mpaka vita vikatutoa, tukateremka Baraka na mizigo ya kichwani. Baba aliugua mwaka uleule na kufa. Mimi nilibaki kwa shangazi ili nimalize shule, na Mama akapanda pikipiki kwenda Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, kuwapikia wachimbaji. Alisema anakwenda kwa miezi mitatu. Alikaa miaka kumi na moja.

Misisi alikuwa na kibanda cha udongo chenye bati juu, meko mbili, mabenchi mawili, na sufuria kubwa ya ugali, tunaouita bugali. Hakuwa mpishi wa ajabu, niseme ukweli, sombe yake, ile mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa na chumvi ya kutosha watu wawili. Lakini sahani zake zilikuwa safi, na hakupunja mtu.

Jinsi alivyopata kijiko ni hivi. Mchimbaji mmoja alikula, akanawa mikono kwenye beseni, akaondoka. Mama alipokuwa anamwaga maji akaona kitu kinang'aa chini, chembe ya dhahabu ya ukubwa wa punje ya mahindi, imeanguka kutoka kwenye mshono wa shati au sijui wapi. Mtu mwingine angefunga kibanda siku hiyohiyo na kurudi Baraka akiimba. Mama alifunga ile chembe kwenye pindo la kitenge, akapanda mlima hadi kwenye mashimo, akapita shimo moja baada ya jingine akiuliza nani amepoteza kitu. Wachimbaji walimcheka kwanza. Mwenyewe alipopatikana na kurudishiwa, hawakucheka tena. Tangu siku ile wakamwita Mama wa Kweli, na jina likamkaa.

Sasa nieleze kuhusu kuchoma, ili msomaji ajue tunazungumza nini. Wachimbaji wakishasaga jiwe na kuosha mchanga, wanamimina zebaki kwenye karai. Kule wanaiita merkire. Wanaisugua kwenye mchanga kwa mikono mitupu, inaikamata dhahabu yote, kisha wanaikamua kwa kitambaa. Kinachobaki ni kidonge cheupe, kizito. Kidonge hicho kinashikwa kwenye kijiko juu ya moto, zebaki inatoka kama moshi, na dhahabu inabaki njano. Shida ni hapo katikati. Akichoma mnunuzi, wachimbaji watasema ameangusha kipande kwenye majivu. Wakichoma wachimbaji, mnunuzi atasema wameacha zebaki ndani ili kidonge kiwe kizito. Watu wamechomana visu kwa ajili ya dakika hizo chache.

Kwa hiyo upande ule wa Misisi walikuwa na desturi yao. Dhahabu huchomwa na mtu wa tatu, asiye na shimo na asiye na mizani, mtu ambaye pande zote mbili zinamwamini. Kijiko ni chake, kirefu, cha chuma, na hakuna mwingine anayekigusa. Mlango unafungwa ili asiingie wala kutoka mtu. Dirisha linazibwa ili upepo usipeperushe kitu. Na mchomaji anakaa kwenye kigoda, anainamia kijiko, hageuzi uso mpaka kidonge kiwe njano kabisa. Hiyo ndiyo sheria kubwa kuliko zote. Ukigeuza uso, hata kwa kukohoa, watasema ulitaka kufanya jambo. Mwaminifu ni yule anayeangalia kijiko mwanzo hadi mwisho.

Kijiko hicho wakampa Mama. Hakulipwa. Angelipwa, angekuwa na upande. Waliochoma kwake walikula kwake, basi, na siku za sikukuu walimletea sabuni na nyama.

Mara ya kwanza nilipomwona akichoma nilikuwa na miaka kumi na saba, nimekwenda likizo. Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali, wateja wamekwisha kula. Waliingia wanaume wanne, mnunuzi na mwenzake, wachimbaji wawili wenye matope hadi magotini. Mama alisogeza sufuria ya bugali pembeni, akaweka kijiko kwenye mbabula ileile, jiko la mkaa, juu ya makaa yaleyale aliyopikia. Akanifanyia ishara ya kichwa. Mimi ndiye niliyefunga mlango. Mimi ndiye niliyeziba dirisha, kwa kitenge changu mwenyewe, na nilikikunja vizuri kwenye pembe ili hata mwanga usipite. Nilijiona mtu wa maana sana.

Moshi ule haukuwa kitu. Ulikuwa mwembamba, mweupe, ulipanda mbele ya uso wa Mama na kupotea kwenye bati. Moshi wa kuni mbichi unauma macho kuliko ule. Kama ungenuka, kama ungewakaba watu koo, wangekimbia nje wenyewe na desturi ingekufa siku hiyo. Haukufanya hivyo. Nilimtazama Mama ameinama, macho hayapepesi, jasho linamtiririka shingoni, na wanaume wazima wanne wamenyamaza wakimsubiri. Nilifikiri, huyu ni mama yangu. Nilijivuna mpaka nikataka kulia.

Walipotoka, Mama alirudisha sufuria ya bugali mekoni, tukala.

Si kwamba hawakujua lolote. Kila mtu Misisi alijua kwamba merkire ina sumu kidogo, na kila mtu alijua dawa yake ni maziwa. Ukishachoma, unakunywa kikombe kimoja, maziwa yanaosha kifua. Mama aliniambia hivyo kwa uhakika wa mtu anayekwambia maji huchemka. Nami, nilipoanza kufundisha shule ya msingi hapa Baraka, jambo la kwanza nililomfanyia ni maziwa. Nilikuwa nawangoja wanaoteremka na ng'ombe na maziwa kutoka Bibokoboko, nanunua bido moja, dumu la lita tano, nambembeleza mtu wa pikipiki aifunge vizuri, aipeleke. Barabara ile mnaijua. Yalifika yameganda, nusu yamemwagika. Mama alikunywa yaliyobaki, akanipigia simu kunishukuru, na mimi nikalala nikijua nimemlinda mama yangu. Nilifanya hivyo miaka minne.

Kilichoanza kumbadilika ni hasira. Mama niliyemjua alikuwa mtu wa kunyamaza, akikasirika anafagia. Likizo moja nilimwambia tu kwamba sombe imezidi chumvi, utani wetu wa siku zote, akanirushia mwiko. Ulinipata begani. Kisha akakaa chini akalia, akasema hajui kilichompata. Fizi zake zilikuwa zinatoka damu, na alilalamika kwamba kila chakula kina ladha ya msumari. Usiku hakulala. Mchana alisahau. Alimwekea mteja mmoja sahani mara mbili, na mwingine hakumwekea kabisa.

Mikono niliiona kwenye daftari. Mama alikuwa na daftari lake la nyimbo, alizokuwa amenakili mwenyewe, za Kiswahili na za Kibembe, kwa mwandiko mdogo wa mviringo ambao masista walimfundisha utotoni. Nilifungua kurasa za mwisho nikakuta kama kuku amepita. Nikadhani ni mtoto wa jirani amechezea. Nikamuuliza.

"Ni mi," akasema. "Mikono inachoka."

Nilimleta hospitali ya Baraka kwa nguvu, akinung'unika njia nzima kwamba wateja wake watahama. Wakampima malaria, wakamtibu malaria. Wakampima tifoidi, wakamtibu tifoidi. Wakampa dawa za minyoo, wakampima presha, wakasema ni umri, wakasema ni mawazo ya ujane. Miezi mitatu tulizunguka na makaratasi. Hatimaye muuguzi mmoja kijana, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimtazama Mama akijaribu kufunga kifungo cha blauzi yake, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

"Mama anatumika kazi gani?"

"Iko anapika bugali Misisi," nikajibu.

"Bugali tu?"

Mama akajibu mwenyewe, kwa fahari, kwamba yeye ndiye anayechomea watu dhahabu. Yule kijana akaweka kalamu chini. Akauliza ndani au nje. Ndani. Mlango wazi au umefungwa. Umefungwa. Dirisha? Mama akasema dirisha linazibwa, akanitazama mimi, akatabasamu, kwa sababu alikumbuka kitenge changu.

Muuguzi alitueleza pale pale kwenye benchi. Alisema ule moshi ndio merkire yenyewe, haijafa, imebadilika tu umbo. Unaivuta, inaingia kwenye mapafu, inapita kwenye damu, inakaa kwenye ubongo na kwenye figo. Inayobaki inapanda kwenye bati na kwenye kuta, mvua ikinyesha inashuka na maji unayokinga kupikia. Mikono kutetemeka, hasira, usahaulifu, fizi, vyote ni mti mmoja.

"Na maziwa?" nikauliza.

"Maziwa ni muzuri kwa njaa, dada."

Nilimuuliza dawa. Akasema dawa za kuitoa mwilini zipo duniani, lakini hapa hawana, hata cha kuipimia hawana. Labda Bukavu, na hakuwa na uhakika. Akasema kitu cha kwanza na cha pekee ni kuacha, na kilichokwisha kuharibika kwenye ubongo pengine hakitarudi. Alisema kwa upole. Nilimchukia kidogo kwa ule upole wake, kwa sababu mtu mpole namna ile hadanganyi.

Akasema pia kwamba kuna chombo kinachofunikwa, moshi unabaki ndani, unapoa na kurudi kuwa merkire. Mama akatikisa kichwa.

"Kintu ya kufunika, bantu bataamini ginsi gani? Beko banataka kuona."

Hilo ndilo tatizo zima, na mama yangu mgonjwa alilisema kwa sentensi mbili kabla mimi mwalimu sijalielewa.

Nilimgombeza siku mbili. Nilimwambia hana ruhusa ya kufa kwa ajili ya dhahabu isiyo yake. Mwishowe tukakubaliana kitu cha katikati, nasi tulikiona ni akili kubwa. Atachoma nje. Mahali peupe, mgongo kwa upepo, watu wasimame mbali wamwangalie. Nilichukua ruhusa shuleni, tukarudi wote Misisi. Nilisimama mbele ya mabenchi nikawaeleza wachimbaji na wanunuzi yote niliyoambiwa, kama ninavyofundisha darasa la nne, polepole, kwa kurudia. Walisikiliza kwa heshima. Mmoja alisema mdogo wake naye anatetemeka. Nikaona nimewapata.

Kesho yake mchana Mama alichoma nje. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya kibanda, mbabula mbele yake, na watu wakajaa, wengi kuliko wale wanaohusika, maana hakuna aliyewahi kuona kijiko hadharani. Upepo ulikuwa mdogo. Moshi ulimkwepa, ukaenda kwenye migomba. Mimi nilikuwa nimeshikilia pumzi, nafurahi. Kidonge kikawa njano, mnunuzi akakipima, na mchimbaji mwenye kidonge akasema ni chepesi.

Hakumtukana. Hakusema ameiba. Alikuwa kijana mwenye adabu, alivua kofia.

"Mama, si we. Ni upepo. Ndani hakukuwe upepo."

Wenzake wakaitikia. Labda kidonge kilikuwa chepesi tangu mwanzo, mtu akikamua matarajio yake kwenye kitambaa huona kizito kuliko kilivyo. Lakini neno lilikuwa limetoka. Wa pili aliyekuwa kwenye foleni akakitazama kidonge chake, akakirudisha mfukoni. Akasema atangoja kesho, wakirudi ndani.

Jioni Mama hakula. Asubuhi alifagia kibanda, akazibua meko, akachukua kitenge chake akaanza kukikunja kwa ajili ya dirisha. Nilikwenda nikasimama mlangoni, nikaweka mikono miwili kwenye miimo. Nilimwambia hapiti mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu, ninalia kama mtoto aliyenyimwa karanga.

Mama hakufoka. Siku hiyo hasira ya ugonjwa haikuwepo, alikuwa yeye mwenyewe, na afadhali angefoka.

"Mutoto yangu, mi siko na shamba. Siko na bwana. Ile nyumba ya Lubondja ilichomwa. Kila kintu nilikuwa nayo imekwisha, inabaki ile jina bananiita. Ukiniondolea ile, unaniacha na nini?"

Nilitaka kusema, unabaki na mimi. Sikusema. Labda niliogopa atanitazama na kunyamaza. Nikaondoa mikono kwenye miimo, nikajisogeza, na watu wakaingia wakafunga mlango. Nimesimulia jambo hili mara nyingi na kila mara nilisema kwamba Mama alinishinda. Hakunishinda. Mlango ule ulikuwa mwembamba, ningeweza kuuziba kwa mwili wangu siku nzima kama ningetaka. Nilipisha.

Nikarudi Baraka, nikaendelea kutuma maziwa. Ndiyo, nikijua. Muuguzi alikwishaniambia, na bado kila wiki nilisimama njiani na bido.

Yaliyofuata sikuyaona, Mama alinisimulia mara moja tu na hajarudia. Mikono ilizidi kutetemeka. Alijifunza kushika kijiko kwa mikono miwili, kisha kuegemeza viwiko kwenye magoti, na kwa kuegemea hivyo uso ulikuwa karibu zaidi na moshi. Mchana mmoja mkono ukaruka. Kidonge kikaanguka kwenye makaa. Wakakipata, wakachekecha majivu, wakapata na vipande vingine, wakapima, wakasema haijatimia. Mnunuzi akasema kitu ambacho kila mtu ndani ya kibanda alikuwa amekwisha kukifikiri. Akasema mkono wa mtu asiye na hatia hautetemeki.

Wakaita wanawake wawili. Wakamvua kilemba, wakamfumua nywele. Wakamkung'uta kitenge. Wakamfungua mdomo wakatazama chini ya ulimi, penye zile fizi zenye damu. Hawakupata kitu, kwa kuwa hakikuwepo. Haikusaidia. Mtu aliyepekuliwa amekwisha kupekuliwa, hasafishwi na kutokukutwa na kitu. Mlango wake haukufungwa tena kwa ajili ya kuchoma, na waliokuwa wakila kwake wakahamia meko nyingine.

Alirudi Baraka kwa pikipiki, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva kama mtoto, kwa sababu hakuweza kujishikilia. Alikuwa na mfuko mmoja wa nguo. Ndani ya nguo, kimeviringishwa kwenye kitambaa safi, alikuwa na kile kijiko.

Nilitegemea kwamba hapa angepumzika angalau na jina. Sikujua jina nalo linasafiri kwa pikipiki. Kanisani walimpokea vizuri, wakampa kazi aliyokuwa akiifanya zamani kabla ya Misisi, kubeba sinia la vikombe vya meza ya Bwana. Jumapili ya kwanza vikombe vililia kwenye sinia toka madhabahuni mpaka mstari wa nyuma, na watu wakainamisha vichwa, si kwa sala. Mama mmoja nyuma yangu alinong'ona kuhusu lutuku, ile pombe kali ya Misisi. Juma lililofuata shemasi alikuja nyumbani, akanywa chai yangu, akasema kwa maneno mazuri kwamba Mama sasa apumzike, wapo vijana. Nilimweleza yote, moshi, dirisha, ubongo, figo. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema tutamwombea aache.

Aache nini, nikamuuliza. Akatazama kikombe chake.

Sasa Mama anakaa barazani. Kuna siku anajua jina langu asubuhi na kulipoteza jioni. Namlisha, naye ananikasirikia kwa kumlisha, na ana haki. Watoto wangu wa darasa la nne wakipita wanamwamkia, na nawaona wakifika kona wanaigiza mikono yake. Nikiwa na nguvu huwachapa kwa maneno. Siku nyingi sina.

Mwaka huu, mwanzo wa masika, alikuja mgeni. Mwanamke kijana, mkimbizi kutoka Burundi, aliyekuwa akiuza mandazi mbele ya kibanda cha Mama kule Misisi. Alileta sabuni na sukari. Alipoketi nikaona ana mimba, ya miezi mitano hivi. Alimsalimia Mama kwa magoti, akamshika mikono yote miwili na kuiacha itetemeke ndani ya mikono yake, jambo ambalo wageni hawafanyi. Nikampenda palepale.

Kisha akasema alilolijia. Wachimbaji wamegombana miezi mingi, wamebadilisha wachomaji watatu, mmoja ameiba kweli. Sasa wamemchagua yeye. Lakini wazee wa mashimo wanasema kijiko kitoke mkononi mwa aliyekishika kabla, na kabla ya wale watatu alikuwa Mama. Wamekwisha kukubaliana, alisema, kwamba siku ile Mama hakuiba.

Hivyo tu. Wamekubaliana. Hakuna aliyetumwa kuja kumwomba radhi, ametumwa mtu kuchukua kijiko.

Nilimtoa nje, tukasimama karibu na jiko, nikamwambia kila kitu. Sikumficha. Nilimwambia kwamba aliye tumboni atavuta pamoja naye, na kwamba mtoto huyo anaweza kuzaliwa ameharibika kabla hajaona jua. Nilimwambia kwamba anayemwona pale barazani ndiye yeye baada ya miaka kumi. Alinisikiliza huku mkono uko tumboni. Machozi yalimtoka, kwa hiyo najua alinielewa.

"Nimesikia, dada. Na Mama nimemuona."

"Sasa?"

"Sasa sisi bakimbizi. Kuku ikipotea mu mutaa, kwetu ndiko banaanza kutafuta. Miaka munane niko Misisi, hakuna hata mutu moja alishanikopesha chumvi. Leo banasema, dhahabu yetu yote, uishike we." Akajifuta uso kwa kanga. "Ungekuwa mi, ungekataa?"

Lilikuwa swali lilelile la Mama, siku ile mlangoni.

Tuliporudi ndani, Mama alikuwa amekaa wima. Ilikuwa moja ya zile siku zake chache za akili safi. Alikuwa amesikia, baraza langu si mbali na jiko.

"Leta kijiko," akaniambia.

Nikasema hapana.

"Leta."

Nikakileta. Kilikuwa chini kabisa ya sanduku, kitambaa bado kisafi. Mama alijaribu kukishika, kikagonga ubao wa kiti, ta-ta-ta, mpaka yule mgeni alipompokea kifundo cha mkono kwa vidole vyake na kukituliza. Wakakishika wote wawili, juu ya hewa tupu, pasipokuwa na moto. Mama akainama, akaonyesha umbali wa uso. Kiasi cha kiganja. Akamweleza jinsi ya kuegemeza viwiko, jinsi ya kusubiri rangi, jinsi ya kumeza kikohozi.

"Usigeuze uso," akasema. "Baseme nini, bafanye nini, we angalia kijiko tu."

"Ndiyo, Mama."

"Na ukimaliza, unakunywa maziwa. Kila mara. Yanaosha kifua."

Yule mgeni alinigeukia. Alikuwa amekwisha kuambiwa na mimi, dakika chache tu zilizopita, kwamba maziwa hayaoshi kitu. Alinitazama akisubiri nimsahihishe mama yangu mbele yake, na Mama naye alinitazama, uso wake umeng'aa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu alipoletwa amefungwa kwa kitenge. Pikipiki ya mgeni ilikuwa inaondoka saa nane.

Nilichukua bido nyuma ya mlango, nikaenda sokoni kumtafutia maziwa.